Moshi wa Wachina na Kibofu Kilichogoma: Kabla Mathe Auze Ng'ombe, Soma Hii

Kuna msee wetu wa Kapsokwony, tumekua naye. Jina sitaji, stori ya mkojo si ya kuanikwa na jina la mtu. Alikuwa wa nduthi. Kama umewahi kushuka kutoka Kapsokwony kwenda Kimilili mvua ikiwa imeshapiga, unajua vile huo mteremko hukupangia. Alianguka akiwa na abiria na gunia ya vitunguu. Abiria akaamka na mikwaruzo. Yeye hakuamka. Mgongo ulikuwa umevunjika, miguu haiitiki, na kitu kingine chenye watu wakija kukuona hosi hawaulizangi: kibofu kilikuwa kimegoma.

Kila mtu huuliza, "Utatembea lini?" Hakuna mtu huuliza, "Na unakojoa aje?"

Miezi kadhaa baadaye akanitumia picha kwa WhatsApp. Ni tumbo lake, chini ya kitovu, na malengelenge mawili makubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Chini ameandika: "Bro, wewe ndio hukaa kwa intaneti. Wamesema hii ni ugonjwa unatoka. Ni ukweli?"

Ilikuwa hivi. Mathe wake alikuwa ametumiwa video na watu wa chama. Kwa video kuna mzee wa Kichina ameshika kitu kama sigara nono, inafuka moshi karibu na tumbo la mgonjwa, na maandishi yanasema kibofu kinafunguka, katheta inatupwa. Mori akauzwa. Wakapata mahali panafanywa hiyo kazi, wakalipia awamu kumi kwa mpigo. Picha niliyotumiwa ilikuwa ya awamu ya tatu.

Mimi college sikumaliza, na hata ningemaliza haikuwa ya udaktari. Lakini hii kitu nimeisoma usiku mingi, na nimesumbua manesi wawili na msee wa fiziotherapia mpaka wakachoka na mimi. Kwa hivyo wacha tubonge, polepole, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na mgonjwa ako kwa nyumba.

Hiyo sigara nono ni nini

Inaitwa moksa. Jina lilitoka Japani, lakini mambo yenyewe ni ya China, ya miaka mingi sana. Wachina wakisema zhenjiu, lile neno ambalo sisi tunatafsiri tu kama "sindano za Kichina", kwa kweli ni vitu viwili vimeunganishwa: sindano, na moto. Moto ndio huu. Mwaka 2010 UNESCO waliweka sindano na moksa kwa orodha ya urithi wa binadamu. Hiyo inamaanisha ni utamaduni wa kuheshimiwa. Haimaanishi UNESCO wamepima kibofu cha mtu.

Mmea wenyewe ni Artemisia argyi. Majani yanakaushwa, yanatwangwa mpaka yanakuwa laini kama pamba, halafu yanaviringishwa kwa karatasi. Ukiwasha hauwaki na miali, unafuka tu pole pole. Usiudharau huo ukoo wa mimea, manze. Binamu yake, Artemisia annua, ndiye aliyetoa dawa ya malaria, ile AL unapewa hosi. Mama wa Kichina anaitwa Tu Youyou alipewa Nobel mwaka 2015 kwa hiyo kazi. Na binamu mwingine, Artemisia afra, ambaye Watanzania humuita pakanga, humea porini kwenye nyanda zetu za juu. (Tafadhali usitoke hapa ukaanza kuchoma kila jani la mlima.)

Sasa nadharia yao. Wanasema figo na kibofu zinahitaji joto ndani ili zishike na ziachilie maji vizuri, na ugonjwa wa namna hii ni baridi imeingia. Kwa hivyo unarudisha joto, tena si popote, kwa vituo maalum. Kuna kimoja kinaitwa Guanyuan, kama vidole vinne chini ya kitovu. Zhongji iko chini yake kidogo. Kuna kitovu chenyewe, ambapo wengine hujaza chumvi, wanaweka kipande cha tangawizi juu, ndio moto unakaa juu ya tangawizi. Kuna vituo vinane kwa ule mfupa wa chini ya kiuno, na kingine ndani ya mguu juu ya kifundo. Moto unashikiliwa karibu na ngozi, haigusi, kama dakika kumi na tano hivi au zaidi, mpaka ngozi iwe nyekundu na mgonjwa aseme anasikia joto tamu.

Hayo maneno ya mwisho, mgonjwa aseme anasikia, yashike. Tutarudi.

Kibofu ni matatu

Kibofu chako kina sehemu mbili muhimu. Kuna ukuta wa misuli unaosukuma, na kuna misuli ya mlangoni inayofunga. Chukulia ni matatu. Ukuta ndio abiria wa nyuma wanaosukuma kutoka, na pale mlangoni kuna makanga. Siku ya kawaida makanga amefunga mlango, watu wanaingia pole pole. Ikijaa, habari inapanda kwa uti wa mgongo mpaka kwa ubongo, ubongo unacheki kama uko mahali pa heshima, halafu unatuma ruhusa. Makanga anafungua, watu wanasukuma, wote wanashuka. Ofisi ndogo ya hiyo kazi iko chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye mishipa ya fahamu inayotokea kiunoni kwa ule mfupa wa chini.

Mgongo ukivunjika, laini ya simu imekatwa. Na hapa watu huwa hawajui kwamba kibofu hugoma kwa njia tofauti, kulingana na mahali laini ilikatikia.

Ikikatwa juu, ofisi ndogo inabaki bila bosi na inaanza kujiamulia. Kibofu kinajikunja chenyewe bila kuuliza, mkojo unatoka wakati hutaki. Kibaya zaidi, mara nyingi abiria wanasukuma wakati makanga amefunga mlango kwa nguvu. Presha inakosa pa kwenda. Inarudi nyuma, na nyuma ya kibofu kuna figo.

Ikikatwa chini, au ofisi ndogo yenyewe ikiharibika, kibofu kinakuwa mfuko tu. Kinajaa, kinalegea, kinafurika, kinatiririka kidogo kidogo. Familia inaona mkojo unatoka inasema "afadhali anakojoa". Hakojoi, msee. Anafurika. Ndani kuna maji yamekaa kama bwawa, na bwawa la mkojo ni hoteli ya bakteria.

Si nduthi pekee huleta hii. TB ya mgongo huleta. Kisukari cha miaka mingi huleta. Kuanguka kutoka kwa mti huleta. Na kuna watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Upande wa pili wa huu mlima wetu, Mbale, Uganda, kuna hospitali ya CURE ambayo imepasua watoto wengi wa vichwa maji na mgongo wazi tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Wazazi wa hao watoto wanaijua hii stori ya kibofu kuliko mimi.

Kwa hivyo unaona swali la kwanza si "moksa inafanya kazi?" Swali la kwanza ni "kibofu chako kimegoma kwa njia gani?" Mahali walimpeleka msee wetu hakuna mtu aliyeuliza hilo. Hawakupima mkojo unaobaki ndani, hawakupiga picha ya figo. Walimuuliza tu kama atalipa kwa simu ama kesh.

Je, kuna ukweli wowote?

Kuna, na sitaki kukudanganya upande wowote. Uchina wamefanya tafiti nyingi za moksa na sindano kwa watu wenye kibofu kilichogoma baada ya kuumia uti wa mgongo, na nyingi zinasema walioongezewa moksa walibakisha mkojo kidogo kuliko wenzao. Cheki neno: walioongezewa. Hao watu walikuwa wakiendelea na katheta, mazoezi ya kibofu na matibabu ya kawaida ya hosi. Moksa ilikuwa juu yake. Ile video haisemi hivyo. Inasema tupa katheta.

Halafu kuna shida za hizo tafiti zenyewe. Nyingi ni za watu wachache, zinafuatilia wiki chache tu, na ni ngumu kumficha mgonjwa kama amepewa moto wa ukweli ama wa uongo, maanake moshi unauona na harufu unaisikia. Watu waliokaa chini wakazijumlisha husema kitu kimoja: pengine inasaidia kidogo, lakini ushahidi ni dhaifu. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Si uchawi, si miujiza.

Kuna kitu karibu nayo ambacho madaktari wa Ulaya na Marekani wanakitumia. Wanaweka sindano nyembamba ndani ya mguu juu ya kifundo, karibu sana na kile kituo cha Wachina nilikutajia, halafu wanapitisha umeme kidogo kwa mshipa wa fahamu unaopita hapo. Husaidia watu wenye kibofu cha haraka haraka. Kwa hivyo hao wazee wa China hawakuwa wanaota kuhusu mguu na kibofu kuongea. Lakini huo ni umeme uliopimwa, kwa mtu aliyepimwa. Si moshi.

Na hapa jirani Uganda, shirika la Uingereza linaloitwa Moxafrica lilijaribu moksa na watafiti wa Makerere, kwa wagonjwa wa TB. Hata wao hawakuambia mtu aache vidonge. Vidonge kwanza, moksa pembeni.

Sasa ile sehemu yenye iliniuma

Nilikwambia ushike maneno "mgonjwa aseme anasikia". Moksa yote inategemea mdomo wa mgonjwa. Mtu mzima wa afya ukimkaribia sana atasema "ei, inachoma, toa". Hiyo ndiyo breki ya hii gari. Hakuna nyingine.

Msee wetu alivunjika juu ya kifua kidogo chini ya matiti. Mishipa inayohisi ngozi ya kitovu hutoka kwa pingili ya kumi ya kifua. Ukikatwa juu ya hapo, kuanzia kitovu kushuka hausikii kitu. Sasa rudi uangalie vituo: vidole vinne chini ya kitovu, chini yake tena, mfupa wa kiuno, ndani ya mguu. Vyote viko kwa ngozi isiyosikia. Walishika moto hapo wakimuuliza, "Unasikia joto?" na yeye, kwa sababu mathe ameuza mori na anataka sana kusikia, akasema, "Kidogo." Waka karibisha zaidi.

Nilimuuliza mbona alisema hivyo. Akanijibu, "Ningesema nini, na mathe amekaa hapo?"

Hayo malengelenge si ugonjwa unatoka. Ni kuungua. Kuna mtindo wa zamani wa moksa ambapo wanachoma ngozi makusudi mpaka kovu, na pengine ndipo hayo maneno yalitoka. Lakini ngozi iliyopoteza mawasiliano haiponi kama yako. Damu haipiti vizuri, mtu anakalia kidonda bila kujua, wiki mbili zinakuwa miezi. Wenye wheelchair wanajua: kidonda kinaweza kukuzika. Na si moksa tu. Chupa ya maji moto, sufuria kwa mapaja, kukaa karibu na jiko wakati wa baridi, yote ni stori moja.

Kuna hatari nyingine, na hii tafadhali umwambie kila mtu anayekaa na mgonjwa wa mgongo. Mtu aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kitu chochote cha kuudhi mwili chini ya hapo, kama kuungua, kidonda, choo kigumu, na zaidi ya yote kibofu kilichojaa, kinaweza kufanya presha ya damu ipande ghafla sana. Kichwa kinagonga vibaya, uso unawaka, jasho linatoka juu ya mahali aliumia. Inaweza kuleta kiharusi. Ikitokea usimlaze. Mketishe wima, legeza nguo na mshipi, cheki kama katheta imejikunja ama imeziba, toa mkojo, halafu mbio hosi. Msee wetu alikuwa na maumivu ya kichwa ile siku ya awamu ya tatu. Walimpa maji akunywe.

Kitu chenye kweli huokoa figo

Zamani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtu akivunjika uti wa mgongo alikuwa anahesabiwa siku. Vidonda na mkojo ndivyo vilikuwa vinamaliza watu: maambukizi, halafu figo. Mwaka 1944 daktari anaitwa Ludwig Guttmann akafungua kituo cha mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, na mambo mawili aliyoyakazania sana ni ngozi na kibofu. (Ndiye huyo huyo aliyeanzisha michezo iliyozaa Paralimpiki.) Halafu mwaka 1972 daktari wa Michigan, Jack Lapides, akatoa kitu rahisi mpaka watu wakamcheka: mgonjwa ajitoe mkojo mwenyewe, na mrija mwembamba, mara kadhaa kwa siku. Hakutaka vifaa vilivyochemshwa wala glavu za chumba cha upasuaji. Usafi wa kawaida tu. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachoua ni mkojo kukaa na presha kupanda, kuliko vijidudu vichache vinavyoingia na mrija.

Alikuwa sawa. Mpaka leo hiyo ndiyo njia ya kwanza kwa wengi ambao mikono yao inafanya kazi. Unanawa mikono na sabuni, unapaka jeli, unaingiza mrija taratibu, mkojo unaisha, unatoa mrija. Kila saa nne mpaka sita, ili kibofu kisipite kama nusu lita. Hakuna mfuko wa kuning'inia mguuni siku nzima. Lakini ufundishwe na nesi kwanza, usijifunze na YouTube, na kama mrija unakataa kuingia usilazimishe.

Ile katheta ya kukaa ndani, yenye puto na mfuko, ina kazi yake, hasa mwanzoni ama kama mikono haifanyi. Shida ni kwamba hapa kwetu wengi hurudishwa nyumbani nayo na hakuna mtu anawaambia mpango unaofuata. Unakuta mtu amekaa na moja miezi mingi mpaka imeota mawe. Uliza inabadilishwa lini. Uliza kama unaweza kuhamia ile ya kujitoa. Kama kibofu ni kile cha kujiamulia, kuna vidonge kama oksibutinini vya kukituliza.

Najua utasema nini. Ganji. Mirija inaisha, jeli inaisha, choo cha stendi hakiingiliki na wheelchair, na hospitali ya taifa ya mgongo iko Hurlingham, Kanairo, ndogo, na foleni. Ni ukweli wote huo na unakasirisha. Mtu wa Kapsokwony anabebwa kwa probox mpaka Bungoma ama Kitale, ama Eldoret kwa Moi, akiwa amelowa, na aibu yake. Ndio maana video ya moshi inaingia vizuri: inakuja mpaka kwa simu yako, na inaongea na wewe kwa upole kuliko vile uliongeleshwa dirishani.

Lakini hesabu pesa ya mori. Ile doo ingelipa picha ya ultrasaundi ya figo na kibofu, kipimo cha damu cha kreatinini, na mirija na jeli ya muda mrefu. Hivyo vipimo havihitaji Kanairo. Na homa, mkojo wenye damu ama harufu kali kuliko kawaida, ama miguu kuanza kurukaruka zaidi ya desturi yake, hiyo ni ya kwenda hosi siku hiyo hiyo.

Kama bado unataka kujaribu moksa, siwezi kukushika mkono. Mwambie daktari wako kwanza. Usitoe katheta. Mahali ngozi haisikii, moto usikaribie, nukta. Na mtu akikwambia ulipe kumi kwa mpigo kabla hajauliza mgongo ulivunjikia wapi, toka.

Msee wetu kidonda kilichukua wiki saba kufunga, nesi wa hapo karibu akimsafisha. Ni huyo nesi aliyemfundisha kujitoa mkojo. Siku hizi ana kibanda cha kuchaji simu na kuuza kredo, na simu yake hulia alamu kila saa nne. Ikilia anasema anaenda "kupigia chifu", anajifungia nyuma ya pazia dakika kumi, anarudi. Wateja washazoea.

Vijiti vya moksa vilivyobaki wamepewa mathe. Huviwasha jioni kwa zizi, ng'ombe mmoja aliyebaki akikamuliwa. Anasema nzi wanahama kabisa.